Wavu Katika Ngozi ya Nsimire

Siku yangu ya kwanza katika serivisi ya magonjwa ya ndani, hospitalini hapa Bukavu, daktari mkuu alinikuta nikimpima mgonjwa chini ya taa. Akanisaidia kusogeza kitanda hadi dirishani. "Dokta, ngozi inaangaliwa na mwanga wa muchana," aliniambia. "Taa ya ampuli inadanganyaka."

Miaka ikapita, naye bado ni mkubwa wangu, ndipo alipoletwa Nsimire, mwalimu kutoka Mudaka. Alikuwa mchovu, nywele zinakatika, baridi haimwachi, shingo imevimba. Thiroidi, ile tezi ya shingoni, ilikuwa imelegea katika kazi yake kwa kuwa kinga ya mwili wake mwenyewe iliishambulia. Nilikwisha kuandika dawa nilipomwona akivuta kitenge kuficha miguu. Nikaomba kuiona. Toka mapajani hadi vifundoni kulikuwa na michoro ya zambarau, imeungana kama wavu wa kuvulia sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Nikamwita mkuu.

Aliitazama kwa muda mrefu, kisha akamuuliza Nsimire habari za mimba. Mama mkwe wake, aliyemsindikiza, ndiye aliyejibu: "Zote zinatokaka. Kwetu bantu banasema yeye iko mulozi, muchawi wa kula batoto."

Mkuu hakumkaripia. Alimvutia kiti, akamweleza kwamba mwili unaoshambulia tezi yake huweza pia kuigeukia damu, ikaganda mishipani. Ngozi huchora wavu, na mtoto tumboni hukosa chakula.

"Maman, huyu hakukula mutoto wa mutu," alisema. "Damu yake njo inagandaka."

Tulipeleka damu Kigali, tukarudia kipimo baada ya miezi mitatu, maana jibu moja halitoshi. Majibu yote mawili yalithibitisha alivyosema mkuu. Nsimire akaanza vidonge vya tezi na aspirini kidogo. Mimba iliposhika, tukaongeza sindano ya kila siku ya kuzuia damu isigande. Mama mkwe akaomba afundishwe kuidunga. Mtoto wa kike alizaliwa kabla ya wakati, mdogo, akilia.

Sasa nimestaafu. Vijana wana mashine ambazo hatukuziota, nami nafurahi. Ila nawaomba wasiharakishe kuandika dawa mgonjwa akiwa bado amejifunika.

Nikienda Miti kwa dada yangu hupitia kwa Nsimire. Ugonjwa haujaisha, dawa atameza maisha yake yote. Juzi mama mkwe alinisindikiza hadi barabarani, akasimama.

"Dokta, nilikuwa namuita mulozi," alisema. "Yeye alishanisamehea. Miye njo bado sijajisamehea."