Macho ya Zaina

Enzi zetu hapa Rumonge, mtoto mwenye adabu ulimjua kwa utosi wake. Mkubwa akikusemesha, unainamisha kichwa, unatazama vidole vya miguu na kuitikia kwa sauti ndogo. Wazee wa mtaani kwetu mimi niliwajua kwa kandambili zao kabla sijazijua sura zao. Vijana wa leo nao wanainamisha vichwa, tena kutwa nzima, lakini ni kwa ajili ya simu. Jeneza linaweza kupita mbele yao wasilione.

Nyumba yetu ilikuwa karibu na ziwa. Tuliamshwa na harufu ya mawese yanayochemka na ndagala mbichi, dagaa wa ziwa letu, zinazoanikwa mchangani. Darasa letu lilikuwa la mchana, kwa hiyo asubuhi ilikuwa mali yetu: kuogelea mpaka macho yawe mekundu, kisha kufukuza kunguru kwenye ndagala za mama. Chakula kilikuwa bugari, ugali wetu wa muhogo, na ndagala za mawese na pilipili, na aliyechelewa kunawa mikono alikuta mchuzi tu. Hawa wa siku hizi wakiona kichwa cha samaki kwenye sahani wanakimbia.

Huko ufukweni hakuna aliyemfikia mdogo wangu Zaina. Mitumbwi ya mashine ilirudi ikinguruma, kwa hiyo wavuvi walisema na wanawake kwa mikono tangu wakiwa mbali. Kiganja kikitikiswa hewani, hawakupata kitu. Mikono ikikumbatia kifua, wamejaza. Zaina alisoma mikono hiyo kabla ya watu wote, na mama akawa wa kwanza kukimbia na beseni lake.

"Huyu mutoto iko na macho ya mwewe," mama alisema kwa majivuno.

Shuleni mwewe huyo aligeuka jiwe. Mwaka wa kwanza alikwenda vizuri. Kisha fimbo ya adabu ikafanya kazi yake, maana kila alipomkodolea mwalimu macho alichapwa: "Unaniangalia mu kinywa, mimi ni mwenzako?" Akajifunza kutazama chini kama sisi, na tangu hapo hakujibu swali tena. Akajikokota hivyo hivyo mpaka mwaka wa tatu, ambao mimi kaka yake nilikuwa naurudia kwa uvivu mtupu. Tukakaa pamoja benchi la nyuma. Mimi sikujibu kwa sababu sikujua, na hakuna aliyesema nina kasoro.

Siku moja Direkiteri, yaani mkuu wa shule, akamwita mama.

"Mama Zaina, wanasema watoto wenu Waswahili wanashindwa na Kirundi. Lakini huyu wako shida yake ni kichwa. Hii trimesta ya masomo ikiisha tutamutuma ku kituo cha walemavu cha Bujumbura, wamufundishe kusuka vikapu. Shule atakuwa ameimaliza."

Mama alirudi nyumbani akaingia jikoni moja kwa moja. Siku hiyo bugari wake ulikuwa na mabonge, jambo ambalo sijaliona kabla wala baada yake. Zaina, aliyekuwa akilala naye kitanda kimoja, alimtazama usoni akaelewa yote, akaanza kulia.

Mwalimu wetu, Madamu, alikuwa mgeni, mtu wa mashambani kule Bugarama. Asubuhi moja alikuja ufukweni kununua ndagala. Alikuwa akipatana bei na mama, na Zaina amewapa mgongo, anageuza ndagala mchangani, mara beseni la bati likamponyoka mtu nyuma yake na kugonga mawe. Kunguru wakaruka, kitoto cha jirani kikalia, mimi nikamwita marehemu bibi yangu. Zaina hakugeuka.

Madamu akaacha habari ya bei. Alimzunguka Zaina, akachuchumaa mbele yake, akauliza kwa sauti ya chini kabisa, "Hizi ndagala ni za leo?"

Zaina akamtazama mdomo. "Hizi ni za jana, Madamu. Za leo ziko kule."

Mama almanusura azimie, maana alikuwa amekwisha kuapa ni za leo. Madamu alicheka, lakini machozi yalimlengalenga. "Mama Zaina, mutoto wako iko na akili mingi. Hasikie tu. Anasikia na macho, na sisi tumemukataza kuangalia."

Usituone wajinga. Nyumbani kwetu kila mtu alipiga kelele, na Zaina alitutazama sote midomoni, nani angejua?

Kuanzia siku hiyo Zaina alihamia benchi la mbele, penye mwanga wa dirisha. Madamu aliacha kusema huku akiandika ubaoni. Akaandika kwanza, akageuka, ndipo akasema. "Mu darasa langu uniangalie usoni, Zaina. Ni ruhusa." Darasa zima tuliguna, kama ameruhusiwa kutukana. Lakini mkono wa Zaina ukaanza kuinuka, mwanzo kwa woga, baadaye ikawa kero.

Trimesta ilipoisha, Direkiteri alikuja mwenyewe kumpima hesabu za kichwa, maana Madamu alikuwa amemwomba ampime kabla ya kumtuma kituoni. Alikuwa na desturi ya kutembea kati ya mabenchi akiliambia paa maneno yake. Akauliza swali. Zaina akasimama, na woga ukamrudishia adabu ya zamani: kichwa chini. Direkiteri akamtikisia Madamu kichwa. Nilitaka kulia.

Ndipo Zaina akainua uso. Akatoka kwenye benchi, akaenda kusimama mbele ya Direkiteri.

"Bwana Direkiteri, samahani. Sema tena, na uniangalie."

Tulingoja fimbo. Direkiteri alimtazama Madamu, akamtazama mtoto, akarudia swali. Jibu lilimkuta hajafunga mdomo. Akauliza jingine, na jingine, hadi akafika kwenye hesabu ambayo yeye mwenyewe aliihakikisha kwa vidole. Darasa lilipasuka kwa makofi.

"Ataenda Bujumbura," Direkiteri akasema, na mimi nikakumbuka vile vikapu. "Kwa muganga wa masikio. Halafu arudi hapa hapa, benchi la mbele."

Mama, aliyekuwa amejibanza nje ya dirisha na beseni lake, akapiga vigelegele mpaka madarasa mengine yakatoka nje. Akamshukuru kwa Kirundi, "Murakoze, Madamu! Murakoze!"

Daktari huyo alikuta sikio moja limekufa na la pili ni dhaifu, na mpaka leo ni hivyo. Zaina sasa ni mwalimu wa watoto wadogo hapa Rumonge. Mabenchi yake ameyapanga nusu duara, na mtoto asiyejibu huletwa kwake kwanza kabla mtu hajataja kituo.

Enzi zetu zilikuwa tamu, lakini zingalikuwa tamu zaidi kama tungaliruhusiwa kutazamana. Siku hizi wazee sokoni wanalalamika kwamba wanafunzi wa Zaina hawana adabu, wanawakodolea wakubwa macho. Juzi mmoja alikuja kumshtakia mama, ambaye sasa ni kikongwe.

Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamjibu, "Waache waangalie."