Kijakazi Hagusi Dadu

Mwaka ule wa 1976 mpaka wa Kenya na Uganda ulikuwa na shida, na malori yalikwama Malaba hadi madereva wakazoea kufua nguo barabarani. Wilkister, mwanamke wa Funyula, alikuwa akiwauzia chai. Walicheza dadu wakachoka, wakaanza kugombana. Ndipo akawatungia mchezo mwingine.

Utotoni, masista wa misheni walimwonyesha kitabu cha picha: ngome za mawe, mashujaa wa farasi waliovaa chuma, joka lenye mabawa. Akawaambia madereva, "Kila mtu achague atakuwa nani. Askari, mwizi, mchawi. Mkiniambia mnafanya nini, mimi nitawaambia mnakutana na nini."

Sheria alizitunga huku akimimina chai. Mwanzoni mchawi aliua kila kitu, wengine wakanuna. Akaamua kila uchawi umpunguzie nguvu mchawi mwenyewe. Aliyekufa hafufuki. Lakini aliyoipenda zaidi ni hii: yeyote anaweza kujaribu lolote, bora aeleze atalifanyaje, dadu itaamua. Omagor, dereva mwenye mwili wa fahali, alilia machozi joka lilipommeza shujaa wake.

Emojong, mwenye baa ng'ambo ya barabara, aliona wateja wake wamehamia kwenye chai. Akawaita wakachezee kwake, penye viti na bia. Wakaenda. Wilkister alipowafuata, alimkuta Emojong ameketi mahali pake, pa mwamuzi, na yeye huyo huyo ndiye mfalme wa mchezo.

"Karibu, mama. Lakini vita tuachie wanaume. Wewe utakuwa kijakazi wangu. Unaleta pombe."

Wilkister alimtazama Omagor. Omagor akatazama glasi yake.

"Sawa," akasema, akaketi.

Mchezo ukaanza. Mfalme akafanya karamu, akaagiza pombe.

"Naleta," Wilkister akasema, "lakini nimetia sumu. Nilichuma majani kwa mganga wakati nyinyi mlikuwa mnapigana. Leteni dadu."

Akarusha. Sita. Ndiyo namba ya juu kabisa: mfalme amekufa.

"Haiwezekani," Emojong akasema. "Kijakazi hagusi dadu."

"Hiyo sheria imetoka wapi?"

"Imeanza leo."

Hakuna aliyemtetea. Omagor ndiye aliyesema, tena kwa sauti ya chini, "Dada, si ni mchezo tu?"

Foleni ilipoisha, biashara ya chai nayo ikafa. Wilkister akarudi kulima Funyula. Alijaribu kuwafundisha wanawake wa kwao. Siku ya kwanza walicheka hadi wakashika mbavu, siku ya pili hakuja mtu, mahindi yalikuwa yanangoja palizi.

Baadaye, akiwa Burumba kwa dada yake Leonida, aliwakuta vijana wa jirani wakiucheza mchezo ule barazani. Waliuita mchezo wa Emojong.

"Si uwaambie ni wako?" Leonida akamuuliza.

"Niwaambie, halafu? Watanionea huruma, wanipe nafasi ya kuwapikia."

Akaingia ndani, akafunga dirisha la upande huo, ingawa joto lilikuwa kali.