Sahihi Kabla ya Kusoma

Niliingia gerezani mara ya kwanza nikiwa nimebeba sufuria ya pondu, mboga ya majani ya muhogo. Akina mama wa kanisa moja la mtaa wa Mangobo walikuwa wakiwapelekea wafungwa chakula kila Jumanne, na mimi sikuwa na kazi wiki hiyo. Nilijitolea kuwabebea kwa sababu nilitaka kuona ndani kukoje. Karibu kila kitu maishani nimekifanya kwa sababu hiyo. Nimepakia mizigo kwenye boti za Isangi, nimeendesha pikipiki ya abiria, nimechoma matofali Simi-Simi, na kila kazi niliiacha mara tu nilipoielewa.

Shule niliiacha darasa la tano. Kusoma nilijiendeleza mwenyewe, kwa vipande vya magazeti vilivyofungiwa maandazi. Siku ile mfungwa mmoja alinipa barua ya mkewe nimsomee, akaja wa pili na ya kwake, na nilipoinua macho nikakuta foleni. Mama aliyewaongoza wenzake akanitazama.

"Wewe unayezunguka-zunguka, si uwafundishe?"

Lilikuwa jambo jipya. Nikakubali.

Ubao wetu ulikuwa mlango wa kabati niliopaka unga mweusi wa betri kuukuu, uliopondwa pamoja na majani ya muhogo. Chaki zilikuwa vipande vya muhogo mkavu. Wiki ya kwanza niliacha vipande ishirini. Jumanne iliyofuata nikakuta vitatu.

"Chaki ziko wapi?"

"Mwalimu, A tulikula, B tulikula," sauti ikajibu kutoka nyuma. "Sasa tunangojea C."

Tulicheka wote, na tangu siku hiyo nikawa naleta muhogo wa kuandikia na muhogo wa kutafuna.

Mbele kabisa alikaa mvuvi mmoja wa maporomoko ya mto, mtu wa miaka hamsini hivi, mwenye vidole vilivyokomaa kwa kuvuta kamba za mitego. Alishtakiwa kwamba ameiba mtumbwi. Yeye alisema aliukuta ukielea peke yake chini ya maporomoko baada ya mvua, akaufunga kwenye gati lake. Kwao ndivyo inavyofanywa: mtumbwi usio na mtu hauachwi uende na maji, unafungwa mahali pa wazi, mwenyewe akija anauchukua na kuacha samaki wawili watatu wa shukrani. Safari hii mwenyewe alikuja na polisi. Mvuvi alikuwa amekaa miezi minane akisubiri kusikilizwa.

Herufi zilimtesa. Leo anaijua M, kesho anaitazama kama mgeni. Watu wazima wakiaibika mbele ya wenzao hawarudi tena, na wawili walikuwa wameshaacha. Nikabuni njia yangu. Badala ya kuanza na silabi, kila mmoja nilimfundisha kwanza kuandika jina lake na kutia sahihi. Kwa wiki tatu mtu anaweza, hata kama hajui herufi moja inatamkwaje, kwa sababu anachora tu. Niliwaambia ni kwa ajili ya kuwatia moyo. Ukweli ni kwamba mimi ndiye niliyekuwa nimechoka na ba, be, bi.

Kapita, yaani mfungwa aliyesimamia wenzake, alinivuta pembeni.

"Mwalimu, angalia. Hapa mutu wa kutia kidole na wino, karani anamusomea karatasi yote. Anamutafsiria Kiswahili, na shahidi iko pale. Mutu wa sinyatire, ile sahihi yako, wanasema iko anajua kusoma. Hawamusomei kitu."

"Bon, kusoma watajifunza baadaye."

"Baadaye ni lini?"

Nikacheka. Nilimwona mtu wa kupenda kuonya.

Mvuvi alijifunza sahihi yake vizuri kuliko wote. Aliimalizia na mkia mrefu. Aliichora kwa mkaa ukutani, kwa kijiti mchangani, kwa kidole juu ya paja lake tulipokuwa tunaongea. Kisha Alhamisi moja, siku ambayo mimi siendi, karani akaja kuchukua maelezo yake. Jumanne mvuvi alinikimbilia mlangoni kabla hata ya salamu.

"Mwalimu, niliandika! Alitoa wino ya kidole, nikamwambia hapana, papa, lete bic ya kuandika. Akashangaa! Wenzangu walipiga makofi."

"Karatasi ilisema nini?"

"Si ile maneno nilimwambia?"

"Alikusomea?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto. "Anisomee kwa nini? Si niliandika?"

Kapita alikuwa amesimama karibu. Alinitazama, kisha akageuka akaenda zake.

Siku ya kesi nilikwenda, nikasimama nyuma karibu na mlango. Jaji aliinua karatasi na kumwuliza kama sahihi ile ni yake. Mvuvi alijibu ndiyo, kwa sauti ya wazi, kifua mbele. Jaji akasoma: mshtakiwa anakiri kwamba aliufungua mtumbwi usiku, kwenye gati la mwenyewe, akauficha. Kama karani alisikia vibaya, au aliandika haraka, au kuna jambo jingine, sijui mpaka leo. Ninachojua ni kwamba mtu aliyehitaji kusomewa alikuwa mbele yao, na mtu aliyemfanya aonekane hahitaji alikuwa nyuma, amenyamaza. Nilijiambia, nani atamsikiliza mtu wa darasa la tano? Mvuvi akapewa miaka mitatu jela.

Mama wa kanisa alimtafutia nakala ya karatasi ile. Mvuvi akaiweka mbele yangu, bila hasira, na hilo ndilo lililoniuma.

"Ulinifundisha ya chini," akasema, akigusa sahihi yake. "Sasa unifundishe ya juu. Nikijua yote waliandika, nitajua ya kujibu. Nitamwandikia juge mwenyewe."

Karatasi ilikuwa ya Kifaransa, lugha ya yale magazeti yangu ya maandazi. Tulianza na silabi, zile nilizozikimbia, kisha tukaiingia mstari kwa mstari. Yule aliyekuwa akiisahau M sasa alikaa na karatasi yake siku nzima, na kila Jumanne nilimkuta ametangulia kidogo. Wiki ya sita aliufikia mstari wenyewe. Aliweka kidole chini ya kila neno, akasoma polepole mpaka mwisho, jasho likimtoka.

"Inasema nini?" akaniuliza.

"Inasema umekubali kwamba uliiba, papa."

Akausoma tena, safari hii bila msaada wangu.

"Mimi sikusema hivi."

"Najua."

Akaondoa kidole kwenye karatasi. "Lakini nilisoma muzuri?"

"Umesoma vizuri sana."

Jumamosi hiyo boti ya Barumbu ilikuwa inatafuta mpakizi. Sikuwa nimewahi kufika Barumbu, nikajiambia ni safari moja tu, kisha ikawa mbili, kisha nikapata kazi nyingine huko chini ya mto. Sikumuaga mvuvi. Kwenye karatasi yake ilikuwa imebaki mistari tisa, na jibu kwa jaji hatukuwa tumeandika hata neno la kwanza.