Lampi ya Mlangoni

Ka! Kimya kidogo, halafu ka! nyingine, kwa sababu kufuli lile lilikuwa limezeeka na lilitaka kubonyezwa mara mbili. Hata leo nikisikia mtu anafunga kufuli mahali popote, masikio yangu yanangoja ile ya pili.

Aliyekuwa anafunga ni shemasi wa kanisa letu la Kikula, ambaye sote tulimwita Papa Diacre. Alinifungia ndani ya depo, chumba kidogo nyuma ya kanisa ambamo tuliweka ngoma, maiki, viti vilivyovunjika na mapazia ya Krismasi. Hakuwa na ubaya. Wezi walishapita mara mbili, naye akaapa kwamba mlango ule hautabaki wazi hata dakika moja asipokuwa amesimama pale. Basi kila Jumamosi nikienda kufanya mazoezi, ananifungia pamoja na vyombo, anaenda kwenye kazi zake, anarudi saa kumi na moja jioni. Kulikuwa na dirisha moja la nondo. Dunia yangu mpaka saa hiyo ilikuwa kipande cha ukuta wa jirani na kamba ya nguo.

"Minye niko mufungwa wako, Papa," nilimwambia huku nacheka.

"Mufungwa gani anabeba mukate na karanga? Piga gita, mutoto. Paka gita, hapana kingine."

Jumamosi ninayotaka kuieleza, nilifungiwa na kazi ngumu.

Ampli yetu, ile mashine ya kukuza sauti ya gita, ililetwa na kaka yangu, anayechimba madini Kakanda. Aliipata kwa mgeni mmoja wa migodi aliyekuwa anafungasha kurudi kwao, akaitolea kanisa kama shukrani. Na mimi nikapewa kupiga mi-solo, ile gita ya katikati inayozungukazunguka wimbo. Msichana kwenye gita! Wamama wa kwaya walipiga vigelegele. Hakuna aliyejua kwamba ampli ile ilitengenezwa kwa muziki mwingine kabisa, wa wale wazungu wa nywele ndefu ninaowaona kwenye simu. Ndani yake mna lampi za kioo kama za redio za zamani, nazo zinakuza sauti mpaka inapasuka. Ukigusa uzi mmoja, inaunguruma kama lori la mawe linapanda mlima. Ukiinua mkono, inapiga mluzi yenyewe.

Nitasema kweli, niliipenda ile sauti kupita kiasi. Nilikuwa naota niko mahali pakubwa, sijui wapi, nimevaa buti, naipiga mpaka vumbi linaruka kwenye mabati.

Jumapili iliyotangulia, katikati ya maombi ya kimya, ampli ikapiga mluzi. Mtoto mmoja akalia, na wengine wote wakamfuata. Maman Présidente, kiongozi wa kwaya, akaruka kwenye kiti.

"Hii kintu iko na pepo!"

Wengine walicheka. Wengine hawakucheka, na hao ndio walikuwa komite, kamati ya kanisa. Wakakaa kikao, na neno lao aliniletea Papa Diacre: nimepewa Jumamosi moja. Ampli ikilia tena, itaondoka pamoja na gita, kanisa litabaki na kinanda, nami nitarudi kuimba mstari wa tatu, nyuma ya wamama wenye mabega mapana, mahali ambapo hata sauti yangu mwenyewe siisikii. Nyumbani sikuwa na gita wala uzi mmoja wa gita. Kama si pale, hakukuwa na pengine.

Nilikuwa nimeshajaribu vitufe. Ukivishusha, ampli inanong'ona na ngoma zinaimeza. Ukivipandisha, pepo.

Fundi mmoja mzee wa redio, karibu na soko, ndiye aliyenipa kopo la biskuti lenye lampi zilizofungwa kwenye matambara. Alinifundisha akiwa amekaa palepale kwenye kiti chake, bila kuinuka.

"Angalia fasi, pale waya ya gita inaingilia. Lampi ya kwanza ya karibu na pale, ile njo mulinzi wa mulango. Kama yee anapiga kelele, benzake bote banapiga kelele. Ile yako namba yake ni themanini na tatu, iko na hasira. Themanini na moja iko na akili. Themanini na mbili iko nalala. Miguu yabo ni sawa, tisa tisa. Lakini zima kwanza, ngoja ipoe. Na zile kubwa za nyuma, usiguse. Zile zitakuua, na mama yako atakuya kuniuliza."

Basi, ka, ka, nikabaki na kopo langu. Nikafungua mgongo wa ampli, nikaichomoa ile ya hasira, nikaitia themanini na moja mlangoni. Nikawasha. Lampi haziharakishi, unangoja mpaka ule uzi mdogo ndani ya kioo uwe mwekundu kama kaa. Nikaigonga taratibu kwa penseli, na spika ikajibu: tin. Fundi alisema ikijibu hivyo kidogo tu, ni nzima.

Nikapiga polepole. Maji safi. Nikapiga kwa nguvu, na pale mwisho wa sauti kukatoka ukwaruzo mdogo, kama mtu anayetaka kulia akajizuia. Jamani! Nikapiga tena. Nikasahau nondo, nikasahau kufuli, nikawa kule kwenye buti zangu na vumbi langu.

Mlango ukapigwa ngumi.

"Weye! Uko nachinja nani mule?"

Nikaenda dirishani. Uso wa Papa Diacre ulikuwa umekatwa vipande na nondo, na nyuma yake Maman Présidente na beseni la mikate kichwani.

"Hakuna mutu, Papa! Ni lampi ingine! Ukipiga polepole inaimba, ukipiga na nguvu..."

"Mi nilisikia na nguvu."

"Pepo imepunguka," Maman akasema akiwa ameinamisha sikio, "lakini haiishe kutoka. Imebakisha mukia."

"Maman, nitapiga polepole. Kesho yote nitapiga paka polepole. Naapa."

Papa Diacre akasogea karibu na nondo. Alinijua tangu nilipokuwa nabebwa mgongoni.

"Kesho," akasema, "kama wimbo inakushika, weye utapiga polepole?"

Nilijijua mimi pia.

Walipoondoka nikazima, nikangoja ipoe. Nikala karanga zangu moja moja. Halafu nikaitia themanini na mbili.

Ilikuwa nzuri. Hilo ndilo lililoniumiza, kwamba ilikuwa nzuri kabisa kwa kanisa: sauti ya duara, safi, unaweza kuipandisha ikazifikia ngoma na isikwaruze hata kidogo. Nikapiga kwa nguvu. Sawa na polepole. Nikapiga kwa mkono mzima mpaka kidole kikachanika ngozi, na ampli ikaendelea kuongea kwa adabu, kama mtu aliyewekewa mkono mdomoni. Nilikuwa nimefungiwa depo ile Jumamosi nyingi, nikicheka kila mara. Siku ile tu ndipo nilipoona jinsi ilivyo ndogo.

Saa kumi na moja wakarudi, wakaingia wote wawili. Nikawapigia wimbo wa sadaka. Papa Diacre alifumba macho mpaka mwisho.

"Sasa imeokoka," akasema.

"Aleluya! Tuibatize?" Maman akauliza.

"Na mayi? Itatuua bote!"

Wakacheka mpaka beseni likataka kuanguka, na mimi nikacheka nao. Kweli nilicheka, maana Papa Diacre alisema, "Kesho unapiga, mutoto," na hilo ndilo nililokuwa ninalitaka tangu asubuhi.

"Na ile ya pepo iko wapi?" Papa Diacre akauliza.

Nikafungua kiganja, nikamwonyesha.

"Utaitupa mu musalani. Ngoja niite Papa Pasteur, akuye kusikia."

Wakatoka kumwita mchungaji, na Papa Diacre akafunga, kama kawaida yake, hata kwa dakika tano. Ka. Ka.

Nikazima ampli. Lampi ya themanini na tatu ilikuwa kiganjani, imepoa, kioo chake hakina ufa, miguu yake tisa imenyooka. Nikavua soksi ya mguu wa kushoto, nikaitia lampi ndani, nikafunga fundo. Nikachana utepe mmoja wa pazia la Krismasi. Nikaishusha soksi chini kabisa ya sanduku la ampli, kwenye kona nyuma ya spika, mbali na zile za moto, nikaifunga kwenye ubao. Nikarudisha mgongo, nikakaza skrubu zote nne kwa ncha ya kisu. Halafu nikapiga sanduku kwa kiganja, mara moja, nikatega sikio kama kuna kitu kinacheza ndani.