Dada Yangu Katikati ya Rede

Nikifumba macho nausikia kwanza upepo wa Ufipa, ule wa kipupwe usiokuta mti wa kuuzuia, kisha nausikia mpira ukitua vumbini. Ulikuwa mpira wa matambara yaliyofungwa kwa kamba ya katani, na usidhani matambara yalipatikana kirahisi. Duka la kijiji lilikuwa na rafu tupu, na kila kipande cha nguo kilikwenda kwanza kwenye kiraka cha suruali ya baba.

Tulicheza rede jioni, watu wazima wakirudi kutoka shamba la ujamaa. Wawili wanarusha mpira, mmoja yuko katikati anakwepa huku akijaza mchanga kwenye chupa. Ukiguswa, umetoka. Dada yangu haguswi! Alikuwa mwembamba na mwenye maringo ya kukera. Kila akikwepa, anacheka. Nilimchukia na kumpenda kwa pamoja.

Halafu padri akatangaza ndoa ya dada kanisani. Alichumbiwa na kijana wa Kabwe, kule chini ziwani, na kwetu msichana akishatangazwa hachezi tena na watoto. Dada akawa mtu wa jikoni, anasonga ugali wa ulezi huku amenuna. Sisi tulicheza bila yeye, na mchezo ulipooza kama uji wa jana.

Jioni ya mwisho kabla hajaondoka, alitumwa maji. Aliweka ndoo pembeni ya uwanja, akajifunga kanga kiunoni, akaingia katikati.

"Rusheni. Nikiguswa naenda nyumbani."

Tulirusha. Jua lilikuwa limelala juu ya majani makavu, vumbi likawa la rangi ya asali, na yeye akaelea ndani yake kama hana uzito. Nilitamani pasikuche. Ndipo mama akatokea, anatafuta maji yake.

"Mchumba wa watu unarukaruka vumbini! Mzaha mzaha hutumbua usaha."

"Sijaguswa bado, Mama."

"Lete huo mpira," mama akaniambia.

Nikampa shingo upande, maana mkono wa mama tuliujua. Alikuwa akifukuza ndege kwenye ulezi kwa donge la udongo, na hakosi. Akavuta mkono nyuma, akarusha. Mpira ukapita juu ya kichwa cha dada. Nikaukimbilia, nikamrudishia. Akarusha tena, ukapita kando, mbali hata na kivuli chake. Akarusha, akakosa; akarusha, akakosa. Wenzangu walianza kucheka, kisha mmoja mmoja wakageuka kumtazama dada.

Dada alikuwa ameacha kukwepa. Amesimama tu, mikono imening'inia, machozi yakimtiririka, naye hayafuti.

"Nipige basi, Mama," akasema taratibu.

"Kwepa, mwanangu," mama akajibu, akarusha tena, mbali kabisa na alipo.