Siku Niliyomwangukia Mama Mkwe Kwenye Theluji

Nisipousimulia mkasa huu mwenyewe, rafiki yangu Kiprono atausimulia, na yeye huongeza chumvi, kwa hiyo heri mnicheke kwa mambo yalivyokuwa: mimi, mtu mzima mwenye mvi, nilimgonga mama mkwe wangu mbele ya watu wa kanisa letu, tukaanguka na kulala chini kama tuliokumbatiana.

Kwa wasiojua, kwetu Wabukusu mtu na mama mkwe wake hawashikani hata mikono. Mama mkwe akija dukani kwangu hapa Eldoret (natengeneza redio na kompyuta, kazi niliyojifunza mwenyewe kwa kufungua na kufunga), mimi hubaki upande wangu wa meza, tunasalimiana tukitazama pembeni, na tunaheshimiana vizuri sana. Sasa, kikundi chetu cha matembezi cha kanisa kilikuwa kimechagua kwenda milima ya Lesotho, ambako theluji huanguka na watu hujifunga ski, vile vibao virefu vya miguuni, wakateleza. Mke wangu akakosa ruhusa kazini, nafasi yake akampa mamake.

"Mlima ni mkubwa," mke wangu akaniambia. "Mtakosaje pa kuheshimiana?"

Nilijiandaa kama ninavyojiandaa kwa kila kitu. Nilitazama video za mafunzo, nikaelewa kwamba ukitaka kusimama unakaribianisha ncha za ski mbele na kusukuma visigino nje, na kila jioni nikafanya hivyo sebuleni kwa soksi, juu ya sakafu iliyopakwa nta (watoto waliacha kupita). Tulipofika Lesotho nilikuwa najua kila kitu isipokuwa theluji yenyewe.

Mwalimu alitukusanya kwenye kiwanja cha wanaoanza, chini kabisa. Nikaanguka. Nikaamka, nikaanguka tena, na mara hii miguu ilikuwa juu, na nilipofungua macho niliona suti ya rangi ya waridi iliyokodishwa, na ndani yake mama mkwe, akitazama pembeni kwa heshima. Hapo ndipo nilipoamua kitu kidogo tu: nipande juu, nikaangukie mbali naye.

"Baba Emma, unaenda wapi na hujui kusimama?" Kiprono, ambaye ni mkulima wa Ainabkoi, akaniuliza.

"Natafuta mahali penye heshima."

"Heshima iko huko juu?"

Kamba ya kuvuta watu ikanipandisha. Ambalo sikulipigia hesabu, mimi ninayejisifu kwa hesabu, ni kwamba kila kinachoachiwa juu ya mlima huishia chini, na chini kulikuwa na kiwanja cha wanaoanza, na katikati ya kiwanja, waridi.

Mwanzo niliteleza vizuri, hata nikajiona kama wale wa video, kisha mwendo ukazidi, nikakaribianisha ncha za ski na zikapandana, nikapiga kelele, "Mama! Toka! Toka!" Akina mama wote wa kanisa wakatawanyika isipokuwa mmoja, kwa sababu mkwe hamfokei mama mkwe wake, kwa hiyo alijua kabisa siwezi kuwa nasema naye.

Nikamgonga.

Nilikuwa nimelala juu yake na siwezi kuinuka bila kumshika, na nikikosa kumshika ndiyo nazidi kumlalia. Nikawaza wazee watakavyoitwa, nikawaza kwamba huenda hatakanyaga tena nyumbani kwangu wala dukani.

"Baba Emma, amka!" Kiprono akaita. "Ama mmeanzisha mila mpya?"

Nikasikia mama anatetemeka, nikajua analia. Alikuwa anacheka, hata hawezi kupumua.

"Toa goti kwa tumbo langu kwanza," akasema. "Heshima tutatafuta baadaye." Tulipotenganishwa (Kiprono alinivuta kwa miguu) akajipangusa theluji. "Ulidhani nitamrudisha binti yangu nyumbani kwa sababu mume wake ameanguka? Mimi mwenyewe naanguka tangu asubuhi! Kaa hapa chini ujifunze na wengine. Kama ni aibu, imeisha yote, hakuna ingine imebaki."

Na kweli haikuwa imebaki. Mchana wote nilianguka mbele yake bila kuficha, naye akaanguka mbele yangu, na kila mmoja alipoanguka mwingine alitazama pembeni akicheka, na nikagundua kwamba mtu asiyeogopa kuanguka hukunja magoti vizuri zaidi. Siku ya mwisho nilishuka kiwanja kizima, ncha zikakaribiana bila kupandana, nikasimama mbali naye kiasi cha upana wa meza.

"Hapo," mama akasema, akitazama milima. "Mkwe husimama hapo."

Wazee wa ukoo tuliporudi walidai kondoo, nikampeleka bila kubishana. Na nimeapa: nikianza kujifunza kitu tena nitaangukia hapo hapo chini, mbele ya kila mtu, maana aibu ukiipandisha mlimani kuificha, itashuka na wewe, na itashuka mbio.