Chungu, Kuku na Msimu Wangu wa Kwanza Ziwani

Juzi mjukuu wa jirani yangu hapa Ipinda alikuja kuniaga. Amepata kazi kwenye boti ya uvuvi, zile za mashine, akataka nimwambie afungashe nini kwa msimu wake wa kwanza. Mkononi alikuwa na sanduku la bati lenye kufuli, na begani godoro lililokunjwa. Nilicheka mpaka nikapaliwa na chai. Yeye akadhani nakata roho, akatoka mbio kuita watu. Basi kwa kuwa hakubaki kusikia, nitakusimulia wewe.

Ulikuwa wakati wa Mjerumani, nami ndevu zangu zilikuwa bado zinasitasita. Shule ya misheni ilikuwa imenishinda, au mimi niliishinda, sijui. Nilipenda kujua mambo, ila si yale ya ubaoni. Nilitaka kujua samaki aitwaye mbasa hulala wapi, na ni nani aliyethubutu kwanza kuwaonja wale wadudu wanaopanda kutoka ziwani kama moshi, ambao watu huwafinyanga kuwa mikate. Mwalimu alichoka. Aliposikia nimepata nafasi kwenye mtumbwi wa Wakisi, wale wavuvi wa kandokando ya ziwa, alinisimamisha mbele ya darasa.

"Mtazameni vizuri," akasema. "Atarudi kabla mvua hazijakatika. Na akirudi ataanza upya na wadogo, benchi la mbele, magoti yakigusa kidevu."

Wadogo walipiga makofi kuliko wote. Walikuwa wananisubiri.

Bibi, aliyenilea, hakuwa amewahi kukanyaga mtumbwi, lakini mambo ya safari aliyajua yote. Aliambiwa kwamba mvuvi mgeni huja na chungu chake. Siku zile wanawake wa Kikisi walileta vyungu hadi sokoni kwetu, na bei haikuwa na ugomvi: unakijaza chungu mahindi hadi mdomoni, mahindi yanakuwa ya mfinyanzi, chungu kinakuwa chako. Bibi alivigonga vyote kwa kidole, akasikiliza kimoja kimoja kama mganga, kisha akachagua kilicho kidogo kuliko vyote. Njia nzima ya kurudi aliimba.

"Waache wajaze majungu," akaniambia. "Sisi tuna akili."

Kisha akafungasha. Ndizi za kuchoma, unga wa ndizi, karanga, kibuyu cha maziwa mgando, samli ya kupaka mwilini, mkeka, na mzigo wa kuni, maana alisikia Wakisi wanaishi juu ya mawe. Mwisho akanikabidhi kuku jike mwekundu, mzima, miguu imefungwa, ili nisikose yai. Kuku nilimkataa.

"Ukirudi bila yeye," akasema bibi, "nitajua umemla peke yako."

Nilifika ufukweni nikinuka maziwa na jasho. Nahodha alikuwa mtu mfupi, mabega mapana, ameketi juu ya jiwe anashona wavu. Nikainama kumsalimu kikwetu. "Ugonile, tata." Alinijibu vizuri, kisha akautazama mzigo wangu taratibu, kama mtu anayetazama harusi ikipita.

"Unahamia, au umekuja kazini?"

"Kazini, tata."

"Na hizo kuni? Unataka kulichemsha ziwa?"

Wavuvi walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Nahodha akanieleza sheria: kinachoingia chunguni kinapanda mtumbwini, kisichoingia kinabaki kwa mke wake. Nikatoa chungu. Kicheko kikaanza upya. Vyungu vyao ungeweza kumwogeshea mtoto. Changu, labda kifaranga. Mke wa nahodha, mfinyanzi mwenyewe, akakitambua mara moja.

"Ee, hiki! Nilikifinyanga kwa udongo uliobaki. Nani amekinunua?"

"Bibi yangu."

"Ana akili sana," akasema, akageuka upande kuficha uso.

Nilitia karanga, ndizi na samli, na juu yake nikamshindilia kuku, kichwa nje. Vingine vyote vikabaki. Ndivyo nilivyoanza kazi.

Natamani ungeuonja msimu ule. Asubuhi ukungu ukiachia milima, makasia yakigonga ubavu wa mtumbwi kwa wimbo, mchana mbasa akichomwa juu ya mawe hadi mafuta yanalia motoni. Kuku alizoea kula usipa, na mayai yake yakawa na harufu ya samaki. Kila alfajiri nahodha aliuliza, "Abiria wako ameamkaje?"

Mimi nilikuwa sijaelewa chungu kilikuwa cha nini hasa. Kwao lilikuwa jambo la wazi kiasi kwamba hakuna aliyefikiria kunieleza.

Asubuhi moja tulikuwa mbali na ufuko, upepo ukatokea kusini bila kupiga hodi. Wimbi la kwanza likatulowesha, la pili likaingia lote. Wavuvi wakapindua vyungu vyao kwa pamoja, mihogo na tumbaku vikaenda ziwani, wakaanza kukumba maji kwa vyungu hivyo na kuyatupa nje. Mimi nilikumbatia changu.

"Gwe! Mwaga!" nahodha akapiga kelele.

"Kuna kuku, tata!"

"Mwaga na kuku!"

Nikamwaga. Karanga zikaenda, samli ikaenda. Kuku akaruka na kutua kichwani pa nahodha, akashika kwa kucha zote. Nahodha mikono yake ilikuwa kwenye kasia, asingeweza kumfukuza, akatuongoza hivyo hivyo, manyoya yakimpepea usoni. Wenzangu walipokumba mara moja, mimi nilikumba mara tatu, nikihesabu kwa Kijerumani cha mwalimu ili nisisimame. Nilikijua hadi saba tu, kwa hiyo kila saba nilianza upya. Kufa niliogopa, lakini lile benchi la mbele niliona kabisa linanisubiri.

Tulipogusa mchanga tuliuvuta mtumbwi juu. Nahodha alimteremsha kuku, akajipangusa damu kwenye paji la uso. Moyoni nikaanza kukusanya mkeka wangu nirudi nyumbani.

"Mgeni anayebishana nami majini, mimi humrudisha kwao siku hiyo hiyo," akasema. "Lakini wewe hukuililia samli. Umemlilia mwenzako. Baki." Kisha akaongeza, "Kuku ndiye hapandi tena."

Mke wake alinifinyangia chungu kikubwa. Nilipomwuliza kuhusu mahindi ya kukijaza, akasema maji niliyokumba yanatosha.

Mvua zilipokatika nilirudi nyumbani, samaki wakavu kichwani, kuku kwapani. Nilipita shuleni makusudi. Mwalimu alitoka, akautazama mzigo, akaomba mbasa mmoja. Nikampa wawili. Bibi alimpokea kuku kwanza, akampima kwa mkono.

"Amekonda," akasema. Ndipo akanikumbatia.

Tangu hapo nimezunguka sana, mkongeni, migodini, bandarini, na sijawahi kumiliki kitu nisichoweza kukimwaga. Wake zangu walilalamika juu ya hilo. Sasa sokoni ni ndoo za plastiki, wala hakuna anayepima chungu kwa mahindi. Nahodha na mkewe hawapo, bibi hayupo. Chungu kikubwa kilivunjika zamani. Kile kidogo kuku wangu wanakinywea maji.

Yule mjukuu wa jirani alirudi na nusu ya mtaa kuja kuniokoa. Nikamwuliza, maji yakiingia botini, sanduku la kufuli atalimwagaje? Akanijibu kwa upole kwamba boti ina pampu. Nikainuka, nikamwaga maji ya kuku, nikampa kile chungu.

"Ndaga fijo, babu," akashukuru, akikigeuza mkononi. "Lakini kidogo hivi, nitie nini?"

"Karanga," nikamwambia. "Kuku mwache nyumbani."